Muhogo wa Siku Moja

Mliokuwa nami juma lililopita mtakumbuka niliwaacha wapi: nimekaa kwenye ngazi za maktaba, jarida geni mapajani, nasoma makala yangu mwenyewe chini ya jina la mtu mwingine.

Anayeanza leo nitampa kwa kifupi, maana kuirudia habari hii kunanichoma. Mimi ni Araba Essilfie, mhadhiri wa sayansi ya chakula hapa Cape Coast, mhadhiri wa mkataba, si wa kudumu. Nilikuwa nachunguza sumu ya muhogo mchungu. Wanawake wetu huusaga, huuvundika siku tatu ili uchache, huukamua, ndipo huukaanga ukawa unga. Mimi nikapima nikaona kwamba ukiuchanganya na chachu ya muhogo wa zamani, siku moja inatosha. Sumu yote kwisha.

Nikaandika makala, nikaipeleka kwenye jarida la kitivo chetu, ambalo mhariri wake ni Profesa Ebo Hayfron. Utaratibu ni kwamba jina lako linaondolewa, makala inapewa mpitiaji usiyemjua, naye anasema inafaa au haifai. Yangu ikarudi na neno moja. Haifai. Wala sababu sikupewa.

Haukupita muda nikaikuta kwenye jarida la nje. Tarakimu zile zile, majedwali yale yale, na mwandishi ni Profesa Ebo Hayfron.

Nikashtaki kwenye kamati ya maadili. Kikao kikapangwa Ijumaa. Nikishinda, napata kazi ya kudumu na nyumba ya chuo nabaki nayo. Nikishindwa, mkataba unaisha mwezi huu huu, natoka na masufuria yangu kichwani. Basi hapo ndipo tulipo.

Jumatano mchana akaja Aba Tawiah.

Huyu Aba ni mwanafunzi wa uzamivu chini ya Profesa Hayfron, lakini kabla ya hapo alikuwa msaidizi wangu wa maabara. Nilimlea. Hata gauni la mahafali yake nilimshoneshea mimi.

Nikamwekea dokono, ule ugali wetu wa mahindi yaliyochachushwa, na samaki wa kukaanga. Hakugusa. Nikajua kuna jambo, kwa sababu Aba na dokono yangu ni pete na kidole.

"Anti, nimekuja kukwambia nani aliyepitia makala yako."

Nikaacha kunawa. "Nani?"

"Kwanza niahidi hutapiga kelele."

"Aba, mimi nipige kelele tangu lini?"

"Tangu nikujue."

Nikacheka. Kumbe ndicho kicheko changu cha mwisho wiki ile.

"Ni mimi," akasema.

Mnaozijua tabia za vyuo vyetu hamtashangaa. Profesa mkubwa hapitii makala. Akiletewa anamtupia mwanafunzi: soma hii, niandikie maoni, nitatia sahihi. Mwanafunzi hana ubavu wa kukataa, na jina lake halionekani popote. Kila mtu anajua. Ukimwuliza, hajui.

"Jina lilikuwa limefutwa," Aba akasema, "lakini nilisoma aya moja tu nikajua ni wewe. Uandishi wako nani asiyeujua?"

"Ungeirudisha. Nilikufundisha kwa mdomo wangu huu. Ukipewa kazi ya mtu unayemjua, unasema mimi sifai kumhukumu huyu, mpeni mwingine."

"Nimrudishie Profesa? Anti, wewe mwenyewe umewahi kumrudishia Profesa kitu gani?"

Hapo alinikamata.

"Haya, yamepita. Wewe ukaandika inafaa, yeye akageuza. Ijumaa utasema hivyo, na tumemmaliza."

Akainamia sahani.

"Aba, nakusemesha."

"Mimi ndiye niliyeandika haifai."

Ndugu zangu, nimetukanwa na wenye nyumba, nimekataliwa na wakwe, lakini lile neno liliniingia mpaka kwenye mifupa. Mtoto niliyemlisha.

"Haifai kweli, Anti," akasema. "Ule muhogo wako ulikuwa umeharibika."

"Umeharibika vipi? Niliuweka kwenye friza siku ile ile."

"Unakumbuka ulipokwenda Saltpond kwenye mazishi ya mjomba wako? Umeme ulikatika. Nami nilikuwa nimekwenda kwetu, sikuwepo kuwasha jenereta."

"Niliporudi nilikuta friza inanguruma. Kila kitu kimeganda kama jiwe."

"Kimeganda upya. Mimi huwa naweka humo kikombe cha barafu na sarafu juu yake. Barafu isipoyeyuka, sarafu inabaki juu. Niliporudi nilikuta sarafu iko chini kabisa."

Hakuhitaji kuendelea. Kazi hii naijua.

Ule muhogo niliouita wa siku moja haukuwa wa siku moja. Friza ilipozimika, joto likaingia, nao ukaendelea kuchacha mle ndani siku ya pili na ya tatu, sumu ikaondoka taratibu kama inavyoondoka kwa mama zetu. Umeme ukarudi, ukaganda tena. Mimi nikautoa, nikaupima, sumu hakuna, nikaruka kwa furaha maabara nzima. Nilikuwa nimepima muhogo wa siku tatu nikaandika siku moja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wiki ile ile ulimfukuza Kwamena, mwenzangu wa maabara, kwa kuvunja chupa moja. Mimi nimekuharibia mwaka mzima. Nikasema nitamwambia kesho. Kila nikiamka, kesho." Machozi yakaanza. "Halafu nikaletewa makala. Nikaona Mungu kanifungulia mlango. Nikaandika haifai ili isitoke, wala mimi nisijulikane. Sikutoa sababu. Ningejuaje kwamba Profesa ataona kitu kizuri kimekataliwa, akibebe yeye?"

Kwa hiyo mwizi wangu alikuwa ameiba uozo bila kujua ni uozo. Na mimi nilikuwa nimeshtaki ili nirudishiwe uozo wangu.

"Anti, tafadhali usinitaje Ijumaa. Jumatatu natetea tasnifu yangu, na Profesa ndiye msimamizi. Ukinitaja nimekwisha."

Nikamwahidi. Hata sasa sijui nilimwahidi kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa analia, nami machozi ya Aba siyawezi.

Alipoondoka ndipo nikakumbuka Jukwa.

Jukwa ndiko anakoishi mama mdogo Kakraba, mdogo wake marehemu mama yangu. Amenisomesha kwa unga wa muhogo, sina njia nyingine ya kulisema hilo. Sasa ni mwenyekiti wa wanawake wakaangaji, na unga wao unaliwa na shule nzima ya pale, watoto wanauloweka kwa maji, sukari na karanga. Na miezi michache nyuma aliniambia kuna watu wa mradi wamewatembelea na mbinu mpya. Nilikuwa na shughuli zangu, nikaitikia tu.

Nikampigia.

"Mama mdogo, siku hizi mnavundika muhogo siku ngapi?"

"Moja tu, mwanangu. Watu wa mradi wametubandikia bango pale kinuni. Profesa kapima. Zamani tulikuwa tunajichosha bure."

"Rudini kwenye siku tatu. Leo. Ule una sumu."

"Sumu gani, nami naula kila siku? Kichwa kinazunguka kidogo na miguu haina nguvu, lakini hiyo ni malaria tu."

"Mama, hiyo si malaria. Nisikilize. Mwageni wote."

"Nimwage magunia yote yale kwa sababu umepiga simu? Araba, nikuulize. Aliyeandika lile bango ni nani?"

"Ni Profesa."

"Na wewe ni nani?"

"Dokta."

"Haya. Profesa na Dokta, nani mkubwa?"

"Mama, ile kazi ni yangu. Aliniibia."

Akacheka kile kicheko chake cha sokoni. "Ehee. Ilipokuwa yako ilikuwa dawa, mwenzio alipoichukua imekuwa sumu. Mwanangu, mimi nimeolewa ukewenza, wivu naujua hata ukija umevaa joho."

"Wallahi si wivu" ningesema kama ningekuwa Mwislamu. Mimi nilibaki nabembeleza tu. Nilimbembeleza mpaka sauti ikakauka.

"Basi fanya hivi," akasema mwisho, kwa upole sasa. "Bango lilikuja na karatasi. Liondoke na karatasi. Waliosema siku moja waseme wamekosea, tutarudi kwenye siku tatu saa hiyo hiyo. Sisi hatuna ugomvi na mtu."

Akakata, kwa sababu muhogo ulikuwa jikoni.

Nikawapigia watu wa mradi. Kijana mmoja akaniambia kwa adabu kwamba wao hufuata makala zilizochapishwa, na makala iliyochapishwa huondolewa na mwandishi wake au na chuo chake. Mimi ni nani katika makala hiyo? Si mtu.

Kwa hiyo mliouliza kwa barua kwa nini nisimwachie Profesa jina lake la wizi nikalala zangu, jibu ni hilo. Nilikuwa nalitaka jina lile kuliko wakati wowote. Nililitaka ili, nikiwa mwandishi, niiue ile makala.

Ijumaa nikafika mapema. Profesa Hayfron alikuwa amesimama kwenye ukumbi mwembamba nje ya chumba cha kikao, kanzu nyeupe, viatu vinang'aa. Nyuma yake Aba kambebea mafaili. Hakuniangalia.

"Binti yangu," Profesa akasema. Huita binti yangu kila mwanamke anayekusudia kumla nyama. "Tunagombana kama watoto wa mama mmoja wakati chakula kipo. Nimezungumza na mwenyekiti. Tutawaandikia wale wa jarida kwamba kulikuwa na kusahau. Jina lako litakuwa la kwanza, langu la mwisho, kama ilivyo ada. Na mkataba wako wa kudumu mimi mwenyewe nitausimamia."

Nikamtazama. Kila kitu nilichokuwa nakililia kilikuwa mbele yangu, kimeandaliwa.

"Profesa, ile makala ina kosa."

"Makala gani isiyo na kosa?" Akanigusa bega. "Ingia, tia sahihi, ukawapikie watoto wako."

Sina watoto. Nimefanya naye kazi miaka yote hiyo na hajui.

Mwenyekiti wa kamati ni Profesa Ewurama Nyankah, mama wa maneno machache, miwani imening'inia kifuani. Alisoma mapatano kwa sauti moja, akayasukuma mezani kuelekea kwangu, na kalamu juu yake.

"Dokta Essilfie, naona pande zote zimeridhika. Tia sahihi tukanywe chai."

Nikashika kalamu. Nisiwadanganye, mkono ulikwenda wenyewe kwenye mstari. Nilifikiria nyumba, nikafikiria mshahara usioisha kila Desemba. Nikafikiria kwamba ningeweza kutia sahihi kwanza, halafu nikiwa mwandishi halali, nikaandika pole pole kwamba kuna marekebisho. Pole pole. Jarida lingejibu baada ya miezi, na mama mdogo alikuwa anakula leo.

Nikaiweka kalamu chini.

"Mama mwenyekiti, kabla sijatia sahihi nina neno. Makala hii ni yangu, neno kwa neno. Na ni ya makosa, mwanzo hadi mwisho. Sampuli zangu ziliyeyuka kwenye friza umeme ulipokatika. Siku moja haitoshi. Wanaokula unga huu wanakula sumu. Naomba kamati iwaandikie wale wa jarida leo hii waiondoe."

Mama Nyankah akavaa miwani. Nikamtazama Profesa Hayfron, nikitegemea atakuwa amepauka.

Alikuwa anatabasamu.

"Namshukuru Dokta kwa ukweli wake," akasema. "Ametupunguzia kazi. Amekiri kwamba sampuli zake ziliharibika. Zangu hazikuharibika. Mimi nilivundika muhogo wangu, kwa friza yangu, na jenereta yangu inawaka. Sasa kazi yangu nzuri itakuwaje sawa na kazi yake mbovu?"

"Tarakimu ni zile zile," nikasema. "Zilinganisheni."

"Ndiyo, zile zile. Na nimekuwa nikijiuliza alizipata wapi." Akageuka kwa mwenyekiti, kwa huzuni kabisa. "Sasa tunajua. Zake ziliharibika, akahitaji tarakimu, akachukua za kwangu. Sikutaka kulisema hili. Nilikuwa tayari kumsitiri."

Wenzangu, nimesoma sana, lakini sijawahi kuona mtu akijengewa kaburi kwa matofali yake mwenyewe kwa haraka vile.

"Makala yangu aliipokea yeye kama mhariri, kabla hajachapisha yake," nikasema.

"Makala zilizokataliwa tunazifuta," akajibu. "Ndiyo kanuni, kulinda siri za waandishi."

Mama Nyankah akagonga meza kwa kidole. "Dokta, swali moja tu. Kuna mtu yeyote aliyeiona makala yako kabla Profesa hajachapisha? Au aliyeiona hiyo friza imezimika?"

Aba alikuwa kwenye kiti cha pembeni, mafaili mapajani, amekodolea macho vidole vyake. Nikamngoja. Nilisema moyoni, atainuka, huyu namjua, mpe muda. Nikampa muda mpaka mwenyekiti akakohoa.

Hakuinuka.

Nilikuwa nimemwahidi. Mbele yenu nasema, nilikuwa nimemwahidi, na sikuwa na ruhusa. Lakini nilimwona mama mdogo miguu haina nguvu.

"Muulizeni Aba," nikasema. "Yeye ndiye aliyeipitia, kwa niaba ya Profesa. Na friza aliikuta yeye."

Macho yote yakamgeukia. Profesa Hayfron alichukua tu faili moja kutoka mapajani mwa Aba, taratibu, akalifungua. Nililitambua jalada. Ilikuwa tasnifu yake Aba.

"Binti," Mama Nyankah akasema, "umewahi kuiona makala ya Dokta Essilfie?"

"Hapana, Mama."

"Na friza?"

"Sijui habari ya friza, Mama."

Alisema kwa sauti ndogo lakini hakukosea hata neno. Nikatamani nimchukie, nikashindwa. Nilikuwa nimempa somo hilo mimi, siku nilipomfukuza Kwamena.

Yaliyofuata hayakuchukua muda. Makala ya Profesa inabaki kama ilivyo. Shtaka langu limefutwa. Mkataba wangu hautaongezwa, na suala la kuchukua tarakimu za mwenzangu litafikishwa baraza kuu. Nikasema kuna watoto wa shule wanaokula unga ule. Mama Nyankah akanitazama kwa huruma, akasema niandike, nilete ushahidi, kamati itakutana tena mwezi ujao.

Nikatoka nje. Jua lilikuwa kali. Wanafunzi walikuwa wanapita wakicheka mambo yao. Nikatafuta kivuli ukutani, nikampigia mama mdogo, kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

"Mama, nimefukuzwa kazi."

"Umefukuzwa? Umeiba nini?"

"Sijaiba. Walitaka kunipa kazi ya kudumu. Walitaka jina langu liwe la kwanza kwenye ile karatasi. Nilichotakiwa ni kutia sahihi tu. Nikawaambia muhogo wa siku moja una sumu, wakanifukuza."



"Walikuwekea kazi mezani," akasema taratibu, "na nyumba?"

"Na nyumba."

"Ukaikataa kwa sababu ya muhogo."

"Ndiyo, Mama."

Nikamsikia anavuta kiti, anakaa. Alipumua kwa shida, na alipozungumza tena sauti yake ya sokoni ilikuwa imekwisha.

"Mtu hatupi kazi yake kwa wivu," akasema. "Basi ni kweli, Araba. Tunakula sumu."

Nikaanza kulia pale pale ukutani. Alikuwa ameniamini. Kamati nzima ya wasomi haikuniamini, yeye ameniamini bila karatasi. Nikamwambia amwage magunia yote, asibakishe hata konzi, na akimaliza aende hospitali, nitalipa mimi kwa namna yoyote.

"Yapi ya kumwaga, mwanangu?" akasema. "Lori limeyachukua asubuhi. Yako shuleni, na watoto wanakaa kula sasa hivi."